Kwa nini kliniki ya macho ilisimama wakati wa korona?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana presha ya macho. Mwaka 2020 kliniki yake iliahirishwa miezi mingi, na jicho moja likazidi kufifia. Korona ni ugonjwa wa mapafu, macho yanahusikaje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu. Ile mashine anayowekea kidevu inatukutanisha uso kwa uso, na pumzi yake inanifikia. Dakta Li Wenliang wa Wuhan, China, aliyewatahadharisha wenzake mapema kuhusu korona, alikuwa daktari wa macho. Inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho asiyekuwa na dalili. Alifariki Februari 2020. Tuliogopa, na tulikuwa na sababu. Tulifunga ngao ya plastiki kwenye mashine, tukamwomba mgonjwa asiongee tunapompima, na barakoa zikatia ukungu lenzi.

Mtoto wa jicho mara nyingi anaweza kusubiri upasuaji. Presha ya macho haisubiri: mara nyingi inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Kwa maoni yangu, wagonjwa hao ndio waliopaswa kupigiwa simu kwanza. Je, matone anaendelea nayo? Mpeleke wiki hii apimwe macho yote mawili, na chupa ya dawa aende nayo.