Vitu nilivyojifanya sivipendi nikiwa shule

Mpwa wangu kule Tororo, mashariki mwa Uganda, amemaliza S4, yaani kidato cha nne, na sasa wako kwenye vita ya kombinesheni ya S5, masomo ya kuchukua kidato cha tano, baba yake anataka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, yeye mwenyewe anataka historia, fasihi na Kiswahili, basi Jumapili usiku akanitumia voisi kwenye WhatsApp, "shangazi, wewe ulisoma PCB, unajuta?" Nikamjibu kwa voisi ya dakika saba hivi na nilipomaliza nikaona bado sijasema nilichotaka kusema, ndo maana nimekaa naandika, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza baba yake namwelewa, ni kaka yangu, tumelala kitanda kimoja utotoni. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sekondari wa sayansi mwenye digrii ukafika shilingi za Uganda milioni 4 kwa mwezi, wa masomo ya sanaa wakaachwa pale pale mpaka wakagoma, sasa mzazi akishaona hivyo utamwambia nini? Na mimi hiyo PCB imenipa kazi ya maabara hapa Kampala, nalipa nyumba, nalipa fizi za shule za watu wawili, kazi yenyewe siichukii hata kidogo. Kwa hiyo hapana, PCB sijutii. Ninachojuta ni kingine na kilianza kabla ya hapo, kilianza S1, siku niliyoanza kujifanya sipendi vitu ambavyo navipenda.

Mi nimekulia kwenye kota za reli pale Tororo. Kwa asiyejua, Tororo ndo mahali reli inayotoka Mombasa inagawanyika, moja inaenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Pakwach, kwa hiyo kwenye kota kulikuwa na kila kabila, Mjapadhola, Mteso, Mgisu, Msamia, Mnubi, na Wakenya ambao shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977 wao hawakurudi kwao, walishaoa, wana mashamba, wakabaki. Lugha ya kuunganisha watu wote hao ilikuwa Kiswahili. Siyo cha Unguja, ni hiki chetu, ngeli zinaenda zinavyotaka, lakini ndicho nilichoota nacho ndoto.

Na mbele ya nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa Mombasa, alikuwa wa siginali kabla hajastaafu, huyo ndo alinifundisha bao. Nikiwa na miaka tisa. Wazee wengine walimwambia mtoto wa kike hakai baoni, akawaambia basi mleteni wa kiume wenu amshinde.

Ngoja nikae hapa kidogo kwa sababu hiki ndo kitu changu. Pale kibarazani ilichezwa michezo miwili kwenye ubao mmoja. Ubao ule ule, mistari minne ya mashimo manane, jumla mashimo 32 na kete 64, lakini wenyeji walicheza mweso na yule mzee alicheza bao la Kiswahili, na ukizoea mmoja wa pili unakuvuruga kabisa. Kwenye mweso kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, 32 zako 32 zangu, kila mtu anazipanga upande wake anavyotaka kabla hamjaanza. Kwenye bao mnaanza kila mtu na kete 10 tu ubaoni na 22 ziko mkononi, mnaziingiza moja moja, hiyo inaitwa kunamua, na una shimo moja la nyumba ambalo unalilinda kama mali ya yatima. Halafu ulaji wenyewe ni tofauti, bao unakula shimo la mbele tu la mwenzako na hizo kete unazianzia kichwani, pembeni kabisa. Mweso ukifikia kwenye shimo lako la mstari wa ndani, ule unaotazamana na mwenzako, lenye kete na mwenzako ana kete kwenye mashimo yake yote mawili ya hapo mbele yako, unakomba yote mawili, alafu unazisambaza kuanzia pale pale mzunguko wako ulipoanzia, kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka na kuzunguka na kuzunguka, mkono unatembea kete zinalia ta ta ta ta na wewe umekaa tu unaangalia utajiri wako unahama, mpaka aangukie shimo tupu alale, yaani zamu yake iishe.

Hakuna dadu. Hakuna karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wote wawili na bado mtu anakushangaza, hiyo ndo sehemu niliyoipenda na naipenda mpaka leo. Nilikuwa nahesabu kichwani mizunguko miwili mitatu mbele kabla mwalimu wa hesabu hajanifundisha lolote la maana, na mzee alikuwa hasemi hongera, anasema tu "haya, panga."

Sasa nikaenda bodingi, mbali, upande wa Buganda. Shule nzuri, nyumbani walijinyima ili niende na sitaisema vibaya. Lakini wiki ya kwanza nilifungua mdomo bwenini nikaongea Kiswahili na msichana mmoja wa Busia na wote wakageuka. Wakauliza baba yangu ni mwanajeshi? Mtu mmoja akasema hiyo ni lugha ya wezi na askari. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, sikujua kwamba maneno hayo yalikuwa na historia, kwamba Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973 na kwa watu wengi wa kule kilikuwa ni sauti ya mtu mwenye bunduki usiku mlangoni. Leo naelewa kwa nini waliumia na sina kinyongo nao. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu, kwamba ninyamaze. Nikajifunza Luganda haraka haraka, na mama akipiga simu ya matroni namjibu kwa Kingereza. Mama yangu Kingereza chake kilikuwa cha salamu. Namsikia upande wa pili anatafuta maneno, mwisho anasema "okei, okei mwanangu," simu inakatika.

Halafu ile Jumapili ya wazazi, S1 term ya pili. Watu wamekuja na magari, kuku wa kukaanga, chipsi, soda kreti nzima. Mama akafika saa nane amechoka, ametoka Tororo alfajiri kwa taksi, zaidi ya kilomita 200, amebeba malewa ya karanga na ugali wa wimbi kwenye kitambaa, bado una joto kidogo, sijui alifanyaje. Malewa, kwa wasiojua, ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi kisha yanapikwa na karanga ya kusaga, na hakuna chakula duniani nilichokipenda kama hicho. Na nilimwambia, mbele ya wenzangu, kwamba mimi hivi sili. Nikamwambia siku nyingine alete kuku na chipsi kama wazazi wengine. Hakugomba. Akafunga kitambaa chake. Term iliyofuata akaleta kuku na chipsi, na nilikuja kujua baadaye sana kwamba alikopa.

Hilo ndo jibu langu kwa mpwa wangu kama anataka juto, ni hilo, si PCB.

Bao nalo likaenda hivyo hivyo ila pole pole zaidi. S2 mimi na yule wa Busia tulichimba mashimo 32 nyuma ya bweni karibu na kamba za kuanikia nguo, tukaokota mawe madogo, tukacheza kama wiki mbili, raha tupu, mpaka tukakamatwa. Tulifukia mashimo na kufyeka nyasi siku tano na mwalimu akatuambia huo ni mchezo wa wazee walevi kwenye kilabu cha pombe, wasichana wenye akili wanacheza chesi. Sasa chesi sina neno nayo kabisa, naiheshimu, na Phiona Mutesi wa Katwe alipoiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Urusi mwaka 2010 nililia mbele ya tivii. Lakini mimi sikuwa na chesi moyoni, nilikuwa na mweso. Nikaacha. Hakuna aliyenikataza likizo, nyumbani ubao ulikuwepo, mzee alikuwepo, nikawa napita mbele ya kibaraza chake na kitabu mkononi nasema nina revisheni. Alikuwa anaitikia tu, "haya, soma mwanangu."

Alifariki 2011. Mi nilikuwa Kampala, nimeshaanza kazi, kila Krismasi nilikuwa najiambia safari hii nitakaa naye anieleze ile mipango yake ya kunamua, maana alikuwa na namna yake ya kuilinda nyumba mpaka kete za mkononi ziishe ambayo sijamwona mtu mwingine akiifanya, na kila Krismasi nilikaa siku mbili nikarudi. Simu yangu ilikuwa na kamera. Sikumrekodi hata dakika moja. Nimejaribu kuikumbuka ile michezo, nimekaa na ubao usiku najaribu hivi na hivi, nafika kete ya sita ya saba hapo inapotea.

Basi mpwa wangu, na wewe unayesoma. Kabla hujajaza hiyo fomu ya kombinesheni chukua karatasi uandike ulikuwa unapenda nini ukiwa na miaka kumi, kabla hujajua nani anacheka nini. Usiandike cha kumpendeza mtu. Pengine hakitaingia kwenye kombinesheni, changu kisingeingia, hakuna somo la mweso kwenye mitihani ya taifa ya UNEB, lakini ukishakiandika kitafutie saa yake kwenye wiki na hiyo saa uilinde hata kipindi cha mitihani. Saa moja ya Jumamosi haimfelishi mtu, mi niliacha kabisa na bado kemia ilinitesa vile vile.

Kama ni Kiswahili unakipenda, kisome, na usiniige mimi kunyamaza. Mambo yamebadilika kuliko zamani zetu, katiba ilishakifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekiweka lazima S1 na S2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wenyewe bado hawatoshi, hilo kila mzazi analiona, na mtu akiona pengo hilo anaweza kumwelezea baba yako kwamba hata kwenye pesa si upumbavu. Mwambie hivyo kwa heshima, kaa naye jioni akishakula, usimwambie kwenye simu.

Kitu kingine, na hapa watu wengi wa hapa kwetu hatutaelewana. Ukirudia kitu unachokipenda usikimbilie kukiuza. Mi nilirudi kwenye bao 2017, nilinunua ubao kwenye soko la vitu vya sanaa, nikaanza kucheza na mlinzi wa geti na mwenye boda wa steji yetu, na ndani ya miezi mitatu kila mtu ananiuliza, hiyo inakuingizia ngapi? Wakanishauri nitengenezeshe mbao nizipeleke kwa watalii, nikafanya, nikawa nafukuzana na seremala, nahesabu faida, mwaka mzima sijacheza hata mchezo mmoja. Niliacha biashara nikabaki na mchezo na sijutii hasara ile. Biashara unazo nyingi za kufanya, uza rolex, zile chapati za kuviringisha na mayai, uza nguo, lakini achia kitu kimoja kisichodaiwa chochote.

Na kama kuna mzee anakijua hicho kitu chako, mpigie wiki hii, nenda na simu yenye chaji, weka rekodi na umwache aongee hata akitoka nje ya mada. Usisubiri Krismasi.

Mama bado yupo, namshukuru Mungu. Nilimwomba msamaha kuhusu ile Jumapili miaka mingi baadaye, akasema hakumbuki, ila nikienda Tororo anapika malewa bila kuulizwa na anakaa kuangalia mpaka nimalize. Na mwaka juzi binti ya yule mzee alikuwa anahama ile kota, akaniita, akanipa ubao. Shimo la nne la mstari wa ndani lina ufa, kete ndogo zinanasa humo, lazima uzichokoe na ukucha. Fundi aliniambia anaweza kuliziba kwa elfu tano tu. Nimemwambia aliache.