Barua kwa mwanangu: ruzuku ya utafiti na wagonjwa unaohofia kuwaacha

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na kuirudia, kwa sababu umeuliza jambo ambalo madaktari wengi vijana hulikwepa mpaka fomu ziwe zimekwisha kujazwa. Umesema idara yako inakuhimiza uombe ruzuku ya K08, ile inayomlea tabibu awe mtafiti, ili ujifunze kuchunguza jinsi huduma za afya zinavyotolewa, nawe unaogopa kwamba kuipokea ni kuwapa wagonjwa kisogo kwa miaka mitano. Kisha ukauliza, endapo utaomba, umchague mlezi yupi kati ya wawili: profesa mwenye jina kubwa ambaye kumpata ni kazi, au mwenzake wa ngazi ya chini ambaye mlango wake uko wazi. Nitaanza na la wagonjwa, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi.

Tuliweke wazi kwanza sharti lenyewe. Ruzuku za kundi hili, zinazotolewa Marekani na Taasisi za Taifa za Afya (NIH) pamoja na Wakala wa Utafiti na Ubora wa Huduma za Afya (AHRQ), kwa kawaida hudai asilimia 75 ya muda wako wa kazi, yaani miezi 9 kati ya 12, kwa miaka 3 hadi 5. Wapo wachache, hasa wapasuaji, ambao baadhi ya taasisi za NIH huwakubalia kushuka hadi asilimia 50, lakini wewe si mpasuaji na hutapata nafuu hiyo. Robo inayobaki ndiyo ya kliniki, zamu na kufundisha. Ninaelewa kwa nini hesabu hiyo inakutisha, maana umelelewa katika taaluma inayompima mtu kwa saa alizosimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Hata hivyo, fikiria mambo ambayo hayaonekani kutoka kando ya kitanda. Mwaka 1973 watafiti John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha uchambuzi wa takwimu za hospitali za jimbo la Vermont, wakaonyesha kwamba idadi ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kawaida kabisa, kama ule wa kuondoa tonsili, ilitofautiana mno kati ya eneo moja na jirani yake, tofauti ambayo ugonjwa peke yake haukuweza kuieleza. Kila daktari wa maeneo yale aliamini kwa moyo safi kwamba anamtendea mgonjwa wake inavyopasa, na hakuna hata mmoja ambaye angeligundua jambo hilo kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, hata angekuwa hodari kiasi gani. Ilibidi mtu akae chini, akusanye kumbukumbu za maelfu, na ajue namna ya kuziuliza maswali.

Au chukua kazi ya daktari Peter Pronovost na wenzake katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya Michigan, iliyofadhiliwa na AHRQ na kuchapishwa mwaka 2006. Hawakuvumbua dawa wala chombo. Walichukua mambo matano ambayo kila muuguzi na kila daktari aliyafahamu: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa na kujifunika kikamilifu wakati wa kuingiza mrija katika mshipa mkubwa, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kuepuka mshipa wa paja inapowezekana, na kuondoa mrija usiohitajika tena. Wakajenga utaratibu wa kuhakikisha kwamba mambo hayo yanafanyika kila mara, hata muuguzi akapewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Katika vyumba 103 vilivyohesabiwa, wastani wa maambukizi ya damu yatokanayo na mirija hiyo ulishuka kutoka 7.7 kwa kila siku 1,000 za kutumia mrija hadi 1.4 ilipofika miezi 16 hadi 18. Watu waliopona kwa sababu hiyo hawatajua kamwe jina la aliyewasaidia, lakini walikuwa wagonjwa halisi kama hawa wako, na mimi sikubali kwamba aliyewahudumia kwa njia hiyo aliwaacha.

Nasisitiza pia kwamba ile robo ya kliniki si ya kuwafariji wanaojilaumu. Ndiyo chimbuko la maswali yako. Uliniandikia juu ya wagonjwa wenye moyo uliodhoofika wanaorudi hospitalini siku chache baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Unajua kwamba tangu Oktoba 2012 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inazipunguzia malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa namna hiyo hurudi kupita kiasi ndani ya siku 30, na kwamba watafiti wamebishana kwa miaka mingi kama hatua hiyo iliwasaidia wagonjwa, au kama baadhi yao walicheleweshewa kitanda walichokihitaji na kufa. Mchumi anayesoma madai ya bima huona kwamba idadi ya wanaolazwa tena imepungua. Wewe uliyefanya kazi katika chumba cha dharura unafahamu kwamba mgonjwa anaweza kulala pale usiku kucha akiandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi tu, bila kuhesabiwa kuwa amelazwa. Ufahamu huo haufundishwi katika kozi yoyote ya takwimu, na ukiacha kliniki kabisa utakuchakaa mikononi ndani ya miaka michache, kwa sababu taratibu za wodini hubadilika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa kukaa kwangu katika kamati za kupitia maandiko ya namna hii, nimeliona likiwaangusha waombaji wenye akili nyingi. Wao huandika kana kwamba wanaombea fedha mradi. Ruzuku hii humnunulia mtu muda wa kufundwa, na mradi ni uwanja wa kujifunzia. Ndiyo maana katika kurasa 12 za kiini cha andiko, maelezo yako binafsi na mpango wako wa mafunzo vinagawana nafasi na mpango wa utafiti, na ndiyo maana wapitiaji wamezoea kuvipima vitu vitano: mwombaji, mpango wa kumkuza, mpango wa utafiti, walezi, na mazingira pamoja na ahadi ya taasisi. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 1, ambayo ni bora kabisa, hadi 9. Hesabu mwenyewe ni vingapi kati ya hivyo vinavyohusu utafiti peke yake.

Mpango wa mafunzo, kwa hiyo, uanze na upungufu wako, uliotajwa kwa jina na bila haya. Ukiandika kwamba unataka kuimarisha ujuzi wako wa takwimu, hujasema kitu. Andika kwamba umefunzwa kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa kwa wakati mmoja, lakini hujui namna ya kutenganisha matokeo ya sera mpya na mabadiliko ambayo yangetokea hata kama sera isingekuwapo. Kwamba swali la pili la utafiti wako haliwezi kujibiwa bila ujuzi huo. Na kwamba utaupata katika mwaka wa kwanza na wa pili, kwa kozi fulani na chini ya mtu fulani, kabla ya kuanza uchambuzi unaouhitaji katika mwaka wa tatu. Msomaji akiweza kuchora mstari kutoka kila pengo hadi kila somo, na kutoka kila somo hadi kila lengo mahususi, utakuwa umemaliza nusu ya kazi. Na mwombaji anayejitia kujua kila kitu huwa anajiondoa mwenyewe, maana wapitiaji hujiuliza kwa nini alelewe.

Kuhusu walezi wako wawili, jibu langu ni kwamba swali umelifunga mapema mno. Kanuni hazikulazimishi kuwa na mlezi mmoja tu. Zinakuruhusu kuwa na mlezi mkuu na walezi wenza, kila mmoja akiwa na kazi yake. Jina kubwa lina thamani ya kweli: wapitiaji hutazama kama mlezi mkuu ana ruzuku zake zinazoendelea, kama amewahi kuwafikisha vijana wengine kwenye kujitegemea, na kama anaijua fani kwa kina. Lakini hutazama pia kauli anayoandika mlezi, na kauli ya mtu asiyekujua hutambulika kwa aya mbili. Husifu, hutaja wingi wa machapisho yake mwenyewe, na haisemi mtakutana lini wala mtazungumza nini. Nenda kwa profesa na umwombe mambo matatu waziwazi: saa moja ya ana kwa ana kila wiki mbili, akusomee rasimu ndani ya muda mtakaokubaliana, na mwishoni mwa ruzuku uondoke na swali ambalo ni lako, pamoja na haki ya kutumia takwimu mlizokusanya. Akikubali yote kwa maandishi, awe mlezi mkuu na yule mwenye mlango wazi awe mlezi mwenza atakayekufundisha mbinu. Akisitasita kwenye lile la tatu, mweke kando kwa heshima. Kijana asiyejua mwisho wa kazi ya mlezi wake ni wapi na mwanzo wa kazi yake ni wapi hupata shida sana anapoomba R01, ruzuku kuu ya mtafiti anayejitegemea, kwa sababu kamati itauliza hilohilo. Tena kumbuka kwamba barua za wadhamini, ambazo ni tatu hadi tano, haziandikwi na walezi waliotajwa katika andiko. Watafute watu wengine mapema.

Mkuu wa idara yako anakuhimiza, na hilo ni jema, lakini himizo la mdomo halitoshi. Mshahara unaolipwa na ruzuku una kikomo, na kwa daktari kikomo hicho mara nyingi huwa chini ya mshahara wake halisi, hivyo taasisi hulazimika kuziba pengo. Tena kwa ruzuku za aina hii NIH huiongezea taasisi, kwa ajili ya gharama za uendeshaji, asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi, kiwango kidogo kuliko inachopata kwa ruzuku za kawaida. Maana yake ni kwamba idara inapokuunga mkono inatoa fedha zake, na idara inayotoa fedha hushawishika kukurudisha kwenye zamu pindi wodi zinapopungukiwa na watu. Barua ya ahadi ya taasisi iseme kwamba asilimia 75 itaheshimiwa, itaje nani atashika zamu zako, na iseme kwamba nafasi yako ya kazi haitegemei kupatikana kwa ruzuku. Maneno hayo ya mwisho wapitiaji huyatafuta kwa makusudi. Mimi ningekushauri usiombe kabisa mwaka huu ikiwa hawataki kuyaandika.

Mlango wa kupitia nao uangalie vizuri. Kwa kuwa utachambua kumbukumbu na madai ya bima bila kukutana na wagonjwa kwa ajili ya utafiti, K08 inakufaa. Ungekuwa unawahoji au kuwafanyia majaribio, NIH ingekuelekeza kwenye K23, ruzuku dada ya utafiti unaofanywa na wagonjwa ana kwa ana. Ukaazi wa kudumu unao, kwa hiyo sharti la uraia au ukaazi halikuzuii. Lakini usitegemee AHRQ peke yake. Machi 2025 Wizara ya Afya ya Marekani ilitangaza mpango wa kuuunganisha wakala huo na ofisi nyingine, na mtu anayepanga miaka 5 ya maisha yake hana budi kupiga simu kwa afisa wa programu na kuuliza tangazo lipi la ruzuku liko hai kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Zipo taasisi za NIH zinazopokea maandiko ya utafiti wa huduma, ipo idara ya serikali inayohudumia maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, yenye ruzuku zake kwa matabibu wake, na zipo K12, ambazo hupewa chuo ili chenyewe kichague vijana wa kulea. Mwaka 2018 AHRQ na PCORI, taasisi inayofadhili utafiti wa matokeo yanayowajali wagonjwa, zilifadhili vituo 11 vya namna hiyo kwa ajili ya mifumo ya afya inayojifunza, yaani inayotumia takwimu zake yenyewe kuboresha huduma. Uliza kama chuo chenu kina K12 yoyote, kwa sababu miaka miwili ndani yake huweza kukupa machapisho na matokeo ya awali yatakayolipa nguvu andiko lako la K08.

Tarehe za kawaida za NIH za kupokea maombi mapya ya ruzuku za kundi la K ni 12 Februari, 12 Juni na 12 Oktoba. Ningependa ulenge Oktoba, usikimbizane na Juni, kwa maana mazungumzo na profesa na ile barua ya idara vitachukua muda kuliko uandishi wenyewe. Andiko lisipofadhiliwa mara ya kwanza, jambo linalowapata wengi waliokuja kufaulu, una nafasi moja ya kulirekebisha na kulirudisha ndani ya miezi 37, ukijibu hoja za wapitiaji moja baada ya nyingine katika utangulizi wa ukurasa mmoja.

Jibu langu, basi, ni kwamba uombe, mradi profesa na idara wawe wameweka maneno yao kwenye karatasi. Nitumie ukurasa wa malengo mahususi kabla hujamwonyesha mtu mwingine, pamoja na ratiba ya wiki yako kama unavyoiona mwaka wa kwanza wa ruzuku, siku za kliniki zikiwa zimeandikwa.

Akupendaye daima,
Mama