Ukitaka kuchora ramani ya pango kwa simu, anzia nje ya pango

Watu wengi wananiuliza naanzaje kuchora mapango kwa simu, na karibu wote wanadhani unawasha jipiesi unaingia ndani halafu simu inakufuata mpaka mwisho wa pango. Haikufuati. Ukishapita mlango hatua chache satelaiti zinapotea, kile kidoti cha bluu kinaganda au kinaanza kurukaruka huko msituni, kwa hiyo ndani ni futikamba, dira na kalamu, simu inabaki kuwa daftari tu.

Sehemu ambayo simu inakusaidia sana ni mlangoni, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Mapango yetu ya Tanga, kule Amboni na Kiomoni, mlango unakuta uko chini ya mwamba na juu kuna miti, yaani nusu ya anga imezibwa, ukisoma lokesheni palepale inaweza kukosea hata mita 30. Toka nje mpaka uone anga vizuri, iache simu itulie dakika tano kumi hivi, soma namba, halafu pima kwa kamba na dira kutoka hapo uliposimama mpaka mlangoni. Na tafadhali angalia alama ya kutoa! Kijana mmoja tuliyekuwa naye alinitumia namba za mlango wa pango kwa WhatsApp, latitudo 5 na kitu, longitudo 39, kasahau kuweka alama ya kutoa mbele ya ile 5, nilipoingiza kwenye ramani pango la Tanga likatokea kusini mwa Ethiopia. Sisi tuko chini ya ikweta, bila ile alama unahamia upande wa pili.

Ndani mnatakiwa watu watatu, mmoja anashika kamba, mmoja anasoma dira na mteremko, mmoja anaandika na kuchora. Kila kituo, yaani kila mahali mnaposimama kupima, kina namba tatu tu, umbali, uelekeo, mteremko. Mimi natumia programu ya TopoDroid kwenye simu ya kawaida ya Android, ni ya bure na haihitaji bando, ukiwa na kipimo cha leza chenye Bluetooth namba zinaingia zenyewe, usipokuwa nacho unaandika kwa mkono na mstari unajichora mbele yako. Lakini soma dira mara mbili, kwenda na kurudi. Siku moja tulisoma 215 kwenda mbele, kwa hiyo kurudi ilitakiwa iwe 35, mwenzangu akasoma 48, tukarudia ikatoka 48 tena, tukakaa pale chini tunaulizana kuna nini, kumbe tochi yake ya kichwani ilikuwa inakaribiana na dira kila akiinama, betri na chuma chake vinaivuta sindano. Alipoivua tu ikasoma 35. Nyuzi 13 ukizibeba kila kituo, ramani yote inapinda.

Kwa nini nahangaika hivi? Sote tuliokulia Tanga tumesimuliwa kwamba njia za Amboni zinatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro, na mimi hadithi hizo nazipenda, zisipotee. Ila wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipokuja 1994 walipata mapango kumi, na lile refu kabisa lilikuwa mita 900. Hiyo nayo ni habari yetu, na ikiwa kwenye ramani mtoto wa shule anaweza kuifuata kwa kidole.

Sasa kwenye kushea, hapa naomba mnisikilize vizuri. OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ina alama yake kabisa ya mlango wa pango, na pango ambalo tayari lina kiingilio na waongozaji, liweke bila wasiwasi, litawasaidia wageni na waongozaji wenyewe. Pango la kijijini ambalo halina mlinzi usiweke pini. Mimi niliweka moja, nikafurahi sana, nikarudi baada ya miezi minne nikakuta chupa za maji, majina yameandikwa ukutani kwa mkaa, na mawe mawili yanayoning'inia kutoka juu yamevunjwa. Jiwe lile linakua kwa tone la maji, ukilivunja wewe hata mjukuu wako hatalikuta limerudi. Pini niliifuta, lakini skrinshoti zilishasambaa.

Na udongo wa chini usiuguse. Pango la Panga ya Saidi kule Kilifi, Kenya, ndiko yalikotoka mabaki ya mtoto mdogo wa miaka miwili mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, watafiti walitangaza 2021. Angepita mtu na jembe anatafuta mbolea ya popo tusingejua chochote. Popo wenyewe msiwamulike, wala msipige kelele, na vaeni barakoa, vumbi la kinyesi chao linaleta ugonjwa wa mapafu.

Mapango mengi ya pwani yana mzimu, watu wanapeleka ubani, maji ya waridi, kitambaa. Kabla ya dira nenda kwa wazee. Nilimkuta mzee mmoja kakaa nje kwake, nikamwamkia, shikamoo babu, akaitika marahaba, nikamweleza nataka kupima pango lao. Akanyamaza, kisha akasema, "Pimeni mjukuu wangu, lakini hiyo picha yake isitoke hapa." Nikakubali. Tulipomaliza nilichapisha ramani karatasi kubwa ya A3 nikaitia plastiki nikampelekea, intaneti haijaiona mpaka leo. Aliigeuzageuza kwanza akitafuta kibla, akapata mlango, akaifuata njia kwa kidole mpaka pale nilipoandika chumba cha 3, akasema hapo pana jina lake. Akalitaja, nikaliandika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki, na ile karatasi inakaa kwake.