Period zimegoma baada ya operesheni

SWALI: Shkamoo dokta, nilijifungua kwa operesheni, baadae wakanisafisha kizazi maana kondo lilibaki, mtoto nishamwachisha ziwa na sindano ya uzazi wa mpango situmii ila period hazirudi, kila mwezi tumbo linakata tu bila damu. – Mama wa mmoja, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza pima mimba, usicheke. Kama haipo, mi nashuku huko kusafishwa, kizazi kikikwanguliwa baada ya kuzaa kuta zinaweza kupata makovu zikagandana, damu inakosa njia ndo mana tumbo linakata. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isiyaone, muone dokta wa wanawake umuulize kuhusu histeroskopi, kamera nyembamba inapitia ukeni na makovu yanakatwa humohumo. Dawa za mtaani za kusafisha kizazi achana nazo kabisa.