Swali la lugha: Je, mtumiaji wa programu aambiwe ana "kosa"?

Swali: Ninaandika maandishi ya Kiswahili ya programu ya simu inayotumiwa na watu wengi ambao hawajazoea teknolojia. Wakiona ujumbe "KOSA! Umeingiza taarifa batili", wengi huiweka simu chini wakidhani wameiharibu. Je, lipo neno la upole zaidi kuliko "kosa", au inatosha kutanguliza "tafadhali"?

Jibu: "Tafadhali" haitoshi, kwa sababu watumiaji wako hawaogopi ukosefu wa adabu; wanaogopa kile ambacho sentensi yenyewe inawaambia.

Tuanze na hilo neno "kosa". Kitenzi "kukosa" kina maana pana, na mtu anaweza kukosa usingizi au kukosa nafasi asilaumiwe na yeyote. Nomino "kosa", hata hivyo, imebaki jirani na hatia: tunasema kosa la jinai, tunaomba tusamehewe makosa yetu, na anayelitenda tunamwita mkosaji. "Batili" nalo ni neno la mahakamani, kwani kinachobatilika ni mkataba, ndoa au uchaguzi. Wapo pia wanaoandika "anwani si halali", wakisahau kwamba mwenzake halali katika masikio ya Mswahili ni haramu. Kiingereza kilipata shida hiyohiyo katika miaka ya 1990, ambapo Windows, mfumo wa kuendeshea kompyuta, iliwatangazia watu kwamba programu imetenda jambo lisilo halali na itafungwa. Kwa wahandisi huo ulikuwa msamiati wa kifundi tu, lakini kwa mtu aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta ilikuwa tuhuma.

Mahali ambapo mfumo wenyewe ndio wenye kasoro, neno "hitilafu" linafaa sana, kwa kuwa tumezoea kusikia hitilafu ya umeme au ya mitambo bila ya kumtafuta mwenye hatia. Lisitumiwe, hata hivyo, kufunika kila jambo. Namba ya simu iliyopungua tarakimu moja si hitilafu, na mara nyingi haihitaji jina lolote. Inahitaji kuelezwa tu.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kiambishi cha nafsi. Katika "umeingiza", ile "u-" inamnyooshea kidole msomaji kabla hata hajajua kilichotokea. Mwondoe katika nafasi ya mtenda, uweke hapo kinachostahili kutajwa, yaani kitu chenyewe: "Namba hii ina tarakimu 9; inatakiwa iwe na tarakimu 10." Hapo hakuna aliyelaumiwa, na zaidi ya hapo msomaji ameonyeshwa la kufanya, jambo ambalo "taarifa batili" haikulifanya hata kidogo. Nafsi ya pili usiifukuze kabisa, bali uitunze kwa ajili ya msaada, kama katika "Unaweza kuirekebisha hapa".

Baada ya nafsi, tazama wakati. Kiswahili kina hazina ambayo waandishi wa programu hawaitumii vya kutosha, nayo ni kiambishi "-ja-". "Malipo hayakupokelewa" inafunga mlango, kwani jambo limekwisha. "Malipo hayajapokelewa" inaacha matumaini kwamba yatapokelewa, na kwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio tofauti ya silabi hiyo moja si ndogo. Kauli ya kutendeka nayo husaidia: "picha haijafunguka" haimtaji mtenda wala haimdokezi, ilhali "haijafunguliwa" humfanya msomaji ajiulize ni nani aliyetakiwa kuifungua. Jihadhari tu na "haifunguki", ambayo husikika kama tabia ya kudumu ya picha hiyo. Jihadhari vilevile na uongo wa huruma: kama kazi ya mtu imepotea moja kwa moja, "haijahifadhiwa" itamfanya angoje kisichokuja, na hapo ni lazima uandike wazi kwamba haikuhifadhiwa, kisha umwambie ni kipi kilichosalimika. Sentensi kama "Fedha zako hazijakatwa" au "Uliyoyaandika awali yapo salama", ikiwa ni kweli, itamtuliza kuliko maneno yote ya heshima, nayo ndiyo ningeitanguliza.

Umeuliza kuhusu adabu. Tofautisha "pole" na "samahani". Anayesema "pole" anashiriki katika taabu ya mwenzake bila ya kukiri kuwa ndiye aliyeisababisha. Anayesema "samahani" au "tunaomba radhi" anaikubali lawama. Seva yenu ikizimika, ombeni radhi. Mtandao wa mtumiaji ukikatika, hamna la kuombea radhi, na "pole" fupi inatosha. "Tafadhali" ibaki pale mnapoomba kitu kwa kweli, kwa sababu ikitangulizwa katika kila amri hugeuka kuwa kelele. Herufi kubwa na alama ya mshangao ziondoeni zote. Namba za kifundi anazozihitaji fundi ziwekwe chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo ujumbe wako ningeuandika hivi: "Yote uliyoyaandika yamehifadhiwa. Fomu haijatumwa. Tarehe ya kuzaliwa bado haijajazwa."

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, nalo ni kitufe kilicho chini ya ujumbe. Programu nyingi huweka hapo "Sawa". Kwa Kiswahili "sawa" ni neno la kuridhia, na mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba barua yake ya kurasa tatu imepotea analazimishwa kujibu kwamba ameridhika, la sivyo hapati njia ya kutoka. Andika "Funga", au, ikiwa ipo njia ya kuendelea, andika kitenzi cha njia hiyo: "Jaza tarehe".