Barua kwa mwanangu Salma: kibali cha kazi si viza

Mwanangu Salma,

Asalaam alaikum. Huku Tanga sote wazima, mama yako magoti tu yanamsumbua. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza kama unaweza kuja Desemba kwenye harusi ya mdogo wako Zuhura wakati ombi lenu la ukaazi wa kudumu huko Kanada, lile mumeo alilokudhamini, bado halijajibiwa. Ukaongeza, "Vibali vyangu vyote viko sawa, Baba." Hapo kwenye vibali ndipo nilipokwama, na ndipo nitakapoanzia.

Toa karatasi zako uzipange mezani. Ile ya kwanza ni kibali cha kazi, cha wazi, kinachokuruhusu kufanya kazi kwa karibu mwajiri yeyote. Hicho kinakuhalalisha ukiwa ndani, ukitoka hakikurudishi. Ya pili ni barua inayosema ombi limepokelewa, yenye namba ya faili. Hiyo ni kama risiti ya duka. Ya tatu ni viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, na sisi wenye pasipoti ya Tanzania hiyo ndiyo tunayoulizwa pale kaunta ya ndege Dar, kabla hata hujamwona ofisa wa Kanada. Soma siku inayoisha. Tarehe kwanza, mengine baadaye. Hilo nimekuambia tangu ulipokuwa unajaza fomu za chuo.

Unavikumbuka vile viatu vya theluji vya shangazi yako Rukia, vyeusi, vyenye manyoya ndani? Nyie watoto mlikuwa mkivivaa uani mkicheza askari. Vilikaa nyuma ya mlango wa chumba cha bibi yako miezi 20. Mlidhani alivileta kutuonyesha. Alikuja navyo miguuni kutoka Kanada 2011, siku ya nne baada ya bibi yako kuzikwa, kwa sababu sisi huku tulimpigia simu tukamwambia njoo. Maziko hakuyawahi. Alikuta turubai linafunguliwa na masufuria yanarudishwa kwa wenyewe. Alikuwa na karatasi ya kuongezewa muda wa kukaa, akaamini ndiyo viza. Viza yenyewe ilikuwa imekwisha muda mrefu. Baada ya arobaini akaomba nyingine, akanyimwa. Ombi lao la ukaazi, yeye na mumewe, lilikuwa la njia ya ndani, kama lenu, na njia hiyo inadai mke na mume wawe wanaishi pamoja hukohuko Kanada. Yeye yuko Tanga, mumewe yuko Edmonton: ombi likaanguka. Ikabidi mumewe aanze upya kwa njia ya nje, ile ambayo mke anaweza kusubiri akiwa nje ya Kanada, fomu ya kwanza hadi ya mwisho, vipimo vya afya upya, cheti cha polisi upya. Kila nilipopita mlangoni nikiviona vile viatu, roho iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini mkimuuliza leo atasema angekuja tena. Amekwisha kuniambia hivyo usoni. Kwa hiyo simtumii kama fimbo ya kukuchapia. Ninachosema ni kwamba alisafiri bila kujua alichokuwa amekiacha mlangoni, na wewe hutasafiri hivyo.

Sasa, kama viza yako inaisha kabla ya siku ya kurudi, iombe ukiwa hukohuko. Mwenye kibali cha kazi halali anaruhusiwa kuomba viza mpya akiwa ndani ya Kanada, kwa mtandao. Wakikubali watakuitisha pasipoti ili waibandike, kwa hiyo kuna majuma ambayo hutakuwa nayo mkononi. Usilipe tiketi kabla haijarudi. Na angalia pasipoti yenyewe: viza haiwezi kupita mwisho wa pasipoti, wala kibali cha kazi. Watu wengi wanapewa kibali kifupi wakalaumu ofisa, kumbe pasipoti ndiyo iliyokuwa inaisha.

Kama kibali cha kazi nacho kinakaribia mwisho, hapo ndipo pabaya zaidi. Ukiomba kukiongeza kabla hakijaisha, unaruhusiwa kubaki na kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale mpaka jibu litoke. Ukitoka nje ya nchi katikati ya kusubiri huko, hata ukirudi salama, ile ruhusa ya kufanya kazi haikufuati. Utakaa nyumbani mpaka kibali kipya kitoke. Na ukipitisha siku bila kuomba, una siku 90 tu za kuomba kurejeshewa hadhi yako, na katika siku hizo kazi hairuhusiwi. Tarehe kwanza, mwanangu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalitazami. Ombi likiwa linafikia mwisho, wanakuandikia kupitia mtandao na kukutaka uthibitishe kwamba uko ndani ya Kanada. Huwezi kujibu hivyo ukiwa umekaa barazani kwetu. Kabla ya hapo pia wanaweza kukuitisha waraka wowote na kukupa siku chache za kuuleta. Safari ya wiki mbili inastahimili hayo. Safari ya miezi miwili haistahimili, maana hapo hata ofisa mwenye moyo mzuri ataanza kujiuliza kama kweli mnaishi pamoja.

Utasema mbona mke wa yule rafiki wa mkweo alikuja na kurudi mara mbili. Ni kweli. Kutoka kwa siku chache hakufuti ombi, na nisingekuwa mkweli nikikuambia kunafuta. Ila hakuna anayekuhakikishia kurudi. Mlangoni mwa Kanada anaamua ofisa wa siku ile. Na njia ya ndani ikikataliwa, mumeo hana ile rufaa ambayo mdhamini wa njia ya nje anayo. Kinachobaki ni kuiomba mahakama ya shirikisho ipitie uamuzi, na hiyo ni pesa na mawakili. Mlichagua njia ya ndani ili mkae pamoja, na mlichagua vizuri. Hii ndiyo bei yake.

Hata ombi likikubaliwa wiki ijayo, usirukie ndege. Subiri kadi ya ukaazi ifike kwa posta, kwa kuwa bila kadi hiyo unakwama uwanja wa ndege kama kawaida na kuanza kutafuta hati nyingine ya safari. Ukishaipata, sharti lake ni siku 730 ndani ya kila miaka mitano. Utakuja Tanga mpaka utuchoke.

Ukiamua kuja, beba kwenye mkoba wa mkononi kibali cha kazi, ile barua ya namba ya faili, nakala ya cheti cha ndoa na tafsiri yake (ile iliyopigwa muhuri na mfasiri mwenzangu, kwa vile wao hawapokei tafsiri ya mzazi hata awe mfasiri wa miaka 30), barua ya mumeo inayosema anakusubiri nyumbani, na mkataba wa pango wenye majina yenu wote wawili. Usiviweke kwenye sanduku la chini.

Zuhura anaolewa mara moja, hilo nalijua. Mama yako jana usiku kalia, kasema harusi bila dada mkubwa ni kama pilau bila bizari. Na mimi nataka nikuone. Halafu nakumbuka vile viatu, nataka kukuambia usije, nanyamaza. Wewe ni mke wa mtu. Kaeni wawili mwamue, nami nitaupokea uamuzi wenu bila manung'uniko. Ila usiamue kabla hujanipigia picha ukurasa wa viza na ukurasa wa mbele wa pasipoti ukanitumia leo hii, nizisome tarehe kwa macho yangu.

Sare yako mama yako ameshainunua, kitenge cha zambarau, na fundi anasubiri. Tuma vipimo vya kifua, kiuno na urefu, uje usije.

Baba yako