Mwacheni bibi avute pumzi

Wadogo zangu mlioingia kwenye kazi ya kurimasta nyimbo za zamani, yaani kuzitoa upya kutoka kwenye kanda na santuri zake, mkitokea studio za bongo fleva na singeli, karibuni sana. Mikono yenu ni myepesi, masikio yenu bado mazima, na programu mnazijua kuliko sisi tulioanza na deki za rili. Lakini nimekaa nikasikiliza mafaili mnayoleta, na karibu kila nikifungua moja nakutana na kosa lile lile la miaka yote: mwimbaji wa zamani katoka msafi, ana sauti kubwa, na hana uhai. Nimeona niandike. Kusemea mlangoni nimechoka, na ninyi mmechoka kunisikia.

1. Ulizeni kanda imetoka wapi kabla ya kuulizana plagini gani ya programu.

Kuna masta, ile kanda mama ya studio, kuna kopi ya masta, kuna kanda ya redio, kuna kaseti ya mtu aliyenasa redio sebuleni, na kuna faili ambalo mtu amelileta kwenye flashi akaapa kwamba ndiyo masta. Kila ngazi unayoshuka imekwishakula kitu, na hakuna ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na trebo, inayorudisha kilicholiwa. Kaseti ya nyumbani ukiihamisha kwa kilohezi 192 inabaki kaseti ya nyumbani. Kwa hiyo tafuteni kwanza. Pigeni simu, nendeni kwa watoto wa marehemu, ulizeni nani alikuwa fundi wa kikundi. Wiki moja ya kutafuta nakala bora inazaa kuliko mwezi wa kukaa na programu.

Na chanzo mkishakijua, kiandikeni kwenye jalada hatua kwa hatua. Mwaka 2022 wapenzi wa santuri walipata mshtuko mkubwa. Kampuni ya santuri ya Mobile Fidelity ya Marekani, ambayo wateja wake waliamini kwamba santuri zake za bei mbaya zinakatwa kutoka kwenye kanda za analogi bila kompyuta kuingia kati, ilibainika kuwa nyingi zilipitia hatua ya kidijitali. Mambo yakaenda mahakamani, yakaisha kwa makubaliano ya dola milioni 25. Sasa tazameni: wapo waliokuwa wamezisifu santuri hizo hizo kwa masikio yao wenyewe. Sauti haikuwaumiza. Kilichowauma ni kutoambiwa.

2. Kasi, kasi, kasi.

Mnaijua Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis, ya 1959. Mashine iliyonasa nyimbo za upande wa kwanza ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa kasi sahihi muziki ukatoka juu ya pale ulipopigwa. Dunia ikaishi na toleo hilo mpaka marekebisho yalipotoka 1992. Haimbi mtu mle, ni vyombo vitupu, na bado watu wakapitwa miaka zaidi ya 30. Sasa fikirieni sauti ya mwanamke. Asilimia nne tu zikizidi, mama mtu mzima anageuka msichana, na wajukuu wake wanawaambia "siye huyu".

Namna ya kupima mnayo mikononi. Kama kinasa sauti kilikuwa kimechomekwa ukutani, mara nyingi utaukuta mvumo wa umeme chini ya muziki. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiukuta mvumo umesimama kwenye 52, basi kanda inakimbia, na umekwishajua inakimbia kwa kiasi gani. Kama walitumia betri, tafuteni kodiani. Udi na fidla hutiwa sauti upya kila jioni, ila ulimi wa kodiani hauguswi, na hata kama kodiani lenyewe limechoka, limechoka vilevile kwenye nyimbo zote za usiku ule.

Wenye santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, nawaomba mno mbadilishe sindano. Mfereji wa santuri hizo ni mpana, unataka ncha ya mikroni 75 hivi, na hiyo mliyoiacha kwenye mkono ni ya LP, mikroni 25. Inazama chini kabisa kwenye vumbi na makovu, halafu mnaniambia santuri imekufa. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV zimepita kwenye gramafoni za chuma za nyumba ngapi, na bado ukutani mwa mfereji kuna sauti ambayo sindano sahihi huifikia. Tena zimeni na ile RIAA ya kikuza sauti chenu, kipimo cha kusawazisha besi na trebo za LP. Kipimo hicho ni cha 1954. Mnamnyoosha Siti kwa rula iliyotengenezwa yeye amekwishafariki.

3. Safisheni hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na njia yote ya kanda kwa spiriti kabla ya kila rili. Si kila wiki, kila rili.

4. Msiiguse ile shiii ya kanda mpaka mmeweka pembeni mhamisho mbichi, yaani kopi ya kanda isiyoguswa.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili limetokea mikononi mwangu na bado linaniuma.

Nilikuwa na umri wenu. Familia moja ilituletea rili ya mono, yenye chaneli moja tu ya sauti, sentimita 19 kwa sekunde, ya bibi yao akiimba taarabu enzi za ujana wake na kikundi kilichokwishavunjika. Nakala nyingine haikuwapo. Bibi mwenyewe alikuwa hai, na walitaka azisikie nyimbo zake wakati bado anasikia. Kanda ilikuwa nzima. Nilipoiweka kwenye deki nikasikia kwanza shiii, halafu nyuma yake fidla, ganuni, kodiani, kisha sauti iliyonifanya niache nilichokuwa nashika.

Ningeishia pale, leo nisingekuwa na la kuungama. Lakini nilikuwa nimetoka kupata programu mpya ya kuondoa kelele. Nikachukua sampuli ya shiii kabla ya wimbo kuanza, nikaiambia programu itoe kila kinachofanana nayo. Ikatoa. Nikaongeza, ikatoa zaidi. Kila nikiongeza nyuma panakuwa peusi, na mimi nafurahi, kwa kuwa nilidhani ule weusi ndio ubora. Diski ya kompyuta ilikuwa ndogo na imejaa, nikahifadhi juu ya faili lile lile. Mbichi ikafutika. Wenyewe nikawarudishia kanda yao, pamoja na CD yenye jalada zuri.

Baada ya muda bibi akaagiza niitwe. Nikaenda nikijua naenda kushukuriwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanikalisha karibu yake, CD ikawekwa. Tulipofika ubeti wa pili akanyanyua mkono wake.

"Hapa, mwanangu, mimi huvuta pumzi. Nikivuta pumzi ndipo fidla anajua kuingia. Sasa mimi sivuti, na yeye anaingia tu. Nani kamwambia aingie?"

Nikasikiliza. Kweli. Fidla anaingia kutoka kwenye kimya, bila kuitwa na mtu. Nikaendelea kusikiliza, na sasa masikio yamefunguka, nikasikia mengine. "Shida" imebaki karibu "ida". Zile kha na ghaini alizozitamka kiungwana, kama wanavyotamka watu wa mjini Unguja, zimelainika zikawa si zake. Mashairi ya taarabu yanabebwa na herufi hizo, fumbo zima linaweza kukaa kwenye silabi moja, na mimi nimezipangusa. Bibi hakunikaripia. Aliagiza chai, akaniuliza habari za nyumbani, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza.

Nikamwambia narudia kazi yote. Nikaomba kanda. Kumbe masika yaliyopita katikati, paa lilivuja juu ya kabati walimoiweka, na boksi limekaa kwenye maji siku wasizozijua. Kanda imeshikana tabaka kwa tabaka. Nilipoizungusha kwa mkono, unga wa kahawia ukabaki kwenye vidole vyangu, na unga ule ndio sauti yenyewe. Mafundi wakubwa kuliko mimi wakajaribu, ikakatika. Bibi sasa ametangulia mbele ya haki. Walicho nacho wajukuu ni faili langu, na bibi yao ndani yake havuti pumzi. Nikilisikia hadi leo napajua kila nilipokata.

Kwa nini pumzi ndiyo inayoondoka kwanza? Kwa sababu pumzi nayo ni kelele. Ni hewa inayopita, imetawanyika juu hadi chini kama shiii ya kanda, na programu haiwezi kuzitofautisha. Sh, s, f, th, kh, zote ni hewa. Ukiivuta programu kwa nguvu ni kama mtu anayepara samaki kwa hasira: magamba yameisha, na minofu nayo imo sinkini.

Kwa hiyo utaratibu wa chumba hiki haubadiliki. Kanda inahamishwa kwa biti 24 na kilohezi 96, bila ikwalaiza, bila kuondoa kelele, bila kitu. Faili hilo linafungwa lisiandikike, nakala mbili, kwenye majengo mawili tofauti. Ndipo mcheze na kopi. Na mkipunguza kelele, punguzeni desibeli tatu au nne, kisha bonyezeni msikilize kile kilichotolewa peke yake. Mkisikia neno mle, hata nusu ya neno, mmezidisha, rudini nyuma.

Mkitaka kujua wakubwa wanafanyaje, sikilizeni kwa hedifoni Love Is the Thing ya Nat King Cole, ya 1957, toleo la kampuni ya Analogue Productions walilolitengeneza mafundi Steve Hoffman na Kevin Gray. Shiii ya kanda ipo, hawakuificha. Na kwa kuwa ipo, mnasikia midomo ya Nat ikifunguka, mnasikia ukubwa wa chumba, mnajua kwamba fidla alizoziongoza Gordon Jenkins zimekaa nyuma yake na si ndani ya kichwa chenu.

5. Acheni kubana sauti.

Majukwaa ya muziki mtandaoni yanashusha wimbo kuelekea LUFS -14 au hapo karibu, LUFS ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukileta kazi kwenye -7 itateremshwa tu, na kilichobaki ni wimbo uliobanwa bila faida yoyote. Singeli inastahimili limita nzito, ile inayozuia sauti isipande, imezaliwa nayo. Mwimbaji wa zamani hakuwa na limita, alikuwa na shingo. Sikilizeni Frank Sinatra kwenye In the Wee Small Hours ya 1955: anasogea kwenye maikrofoni anaponong'ona, anarudi nyuma anapopaza. Tofauti ile ndiyo uimbaji wenyewe. Kijana mmoja wenu alinionyesha mawimbi ya wimbo yamejaa skrini nzima kama tofali, akaniuliza, "Bosi, si imekaa vizuri?" Nampenda sana kijana yule, ana masikio kuliko wote chumbani. Nilimfunika macho kwa kiganja nikamwambia sasa sikiliza. Alirudi mwenyewe kwenye kiti na kuifungua upya.

6. Mono ni mono.

Miaka ya 60 kampuni ya Capitol walikuwa na kitu walichokiita Duophonic. Walichukua rekodi za mono, wakatenganisha besi na trebo kushoto na kulia, wakachelewesha upande mmoja kidogo, wakaandika kwenye jalada kwamba ni stereo. Sauti ikawa inaelea kama iko kisimani. Watayarishaji wa matoleo ya leo yanayopendwa wamerudi kwenye mono. Ella Fitzgerald akiimba nyimbo za Cole Porter, albamu ya 1956, ni mono, na hakuna aliyewahi kuondoka kwenye spika zetu akilalamika kwamba haikutanuka. Kwa hiyo plagini ya kutanua muiache kwa kazi zenu za usiku.

Hila moja ya mono, kwa kuwa mnaipita kila siku: kanda ya mono ukiisoma kwa hedi ya stereo, changanya chaneli mbili ziwe moja, kisha zungusha skrubu ya pembe ya hedi taratibu huku unasikiliza herufi s. Itafifia, itafifia, halafu ghafla itafunguka. Hapo ndipo alipoisimamisha fundi wa siku ile. Wengi mnaanza kuongeza trebo kabla ya kugusa skrubu, na trebo ilikuwamo muda wote.

7. Mwiteni aliyekuwapo.

Hata kama ni mpiga dumbaki wa akiba. Visiwani na Mombasa bado wapo wazee waliokaa nyuma ya waimbaji hawa. Ikhwani Safaa peke yake ipo tangu 1905, na vijana wake wa miaka ya 60 ndio wazee wa leo. Mpeni kiti kizuri, mpeni chai, msimwoneshe skrini. Yeye atakwambieni ganuni alikuwa karibu zaidi ya hapo, au kwamba bibi yule alikuwa na besi kifuani ambayo hamjaifikia. Mmoja alitusikiliza kimya albamu nzima akasema neno moja tu, kwamba wimbo wa tatu si wa usiku mmoja na nyingine. Tukakagua mvumo. Kweli kasi ilikuwa tofauti. Na kabla hajaondoka mwulizeni majina ya wote waliopiga, myaandike na kuyahakiki kwake. Warithi wa mwimbaji wasainishwe na kulipwa kabla faili halijapandishwa popote. Hilo sitalijadili na mtu.

Jumatatu tunapokea boksi la rili kutoka Pemba. Nimeambiwa zimekaa juu ya dari. Asiziweke mtu kwenye deki kabla sijazitazama. Atakayefika mapema awashe mashine zipate joto, apime kasi kwa kanda ya majaribio, na aandike namba za kila boksi kama zilivyo, hata zile zilizokosewa.